Kwa nini sitauza kipima-sumu changu cha mnazi

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na baadhi yenu mmeniuliza kile kifaa changu cha kunusa pombe kimefikia wapi. Wengine mmeuliza bei kabisa. Leo nijibu wote kwa pamoja: kifaa kipo, kinawaka, kina taa tatu nzuri, na sitamuuzia mtu yeyote. Someni mpaka mwisho kabla hamjaniita mchoyo.

Tuanzie mwanzo. Nina mjomba ambaye ni mgema huku Gede, kati ya Malindi na Kilifi. Asubuhi na jioni hupanda minazi yake, hukata ncha ya karara, na kushusha kibuyu kilichojaa tembo. Kwa kazi hiyo amesomesha watoto wake wote. Februari 2024 redio zilipotangaza kwamba watu zaidi ya 10 wamekufa kijijini Kangai, Kirinyaga, baada ya kunywa pombe yenye sumu, wateja walianza kupungua kwenye mangwe yake. Kirinyaga ni mbali, na pombe yenyewe haikuwa mnazi, lakini hofu haina nauli. Mjomba akaja kwangu. "Wewe si bwana kompyuta? Nitengenezee kitu cha kuonyesha kwamba mnazi wangu hauna sumu."

Ombi lilikuwa la haki kabisa. Sumu yenyewe inaitwa methanoli. Ni ndugu wa ethanoli, ile inayolewesha, na mtu hawezi kuzitofautisha kwa macho, kwa pua wala kwa ulimi. Tofauti hujitokeza ndani ya mwili. Ini hugeuza methanoli kuwa fomaldehaidi, kisha kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia mishipa ya macho. Mililita 10 tu za methanoli safi zaweza kumpofusha mtu. Ubaya zaidi ni kwamba dalili kali huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24, kwa hiyo mnywaji hulala akidhani ana ulevi wa kawaida. Wakenya tumelipia somo hili zaidi ya mara moja. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya aina hiyo, na wengine wakapoteza macho. Mei 2014 vifo vikarudi, safari hii katika kaunti kadhaa kwa siku chache.

Niseme pia, ili nisimharibie mjomba jina: mnazi uliochachuka wenyewe huwa na methanoli chembe tu. Hatari kubwa huja pale mtu anapoongeza methanoli ya viwandani ili kinywaji "kishike" haraka na faida iongezeke. Lakini mteja aliyekaa mangweni hawezi kujua nani ameongeza na nani hakuongeza. Kitu anachokijua ni sura ya mgema wake.

Basi nikaingia kazini. Niliagiza kihisi cha MQ-3 kutoka Nairobi. Kwa wasioijua jamii hii ya MQ, ni vihisi vya bei nafuu, vya shilingi mia chache, ambavyo kila mwanafunzi wa elektroniki hukutana navyo. Ndani yake mna tabaka jembamba la oksidi ya stani, metali ile ile iliyomo kwenye waya wa kuchomelea saketi, na kihita kidogo cha kulipasha moto. Katika hewa safi, oksijeni hujibandika juu ya chembe za oksidi hiyo na kushikilia elektroni zake, hivyo umeme hupita kwa taabu. Ukileta mvuke unaoungua, kama wa pombe au gesi ya kupikia, mvuke huo hula ile oksijeni, elektroni huachiliwa, na ukinzani hushuka. Programu husoma mshuko huo na kuugeuza kuwa namba. Jambo hili si jipya. Miaka ya 1960 Mjapani Naoyoshi Taguchi aligeuza tabia hii ya oksidi kuwa kihisi cha kunasa gesi inayovuja majumbani, na hadi leo vifaa vingi vya bei nafuu ni wajukuu wa kazi yake.

Nikaunganisha kihisi na chipu ya ESP32, skrini ndogo, betri, na taa tatu: kijani, manjano, nyekundu. Programu niliandika kwa usiku mmoja. (Mnajua vile sisi watu wa programu tulivyo. Kitu kikiwaka tu, tunaanza kukitafutia jina la biashara.) Nilipokipeleka karibu na kibuyu, namba zilipanda. Nilipokiondoa, zikashuka. Marafiki wakapiga picha. Mmoja akaniambia nikisajili kampuni kesho yake.

Kichwa kikavimba. Lakini wahenga walishatuonya: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikaona afadhali nikifanyie mtihani kabla sifa hazijanifanya niongeze maji yangu.

Rafiki yangu anayefundisha kemia alikubali kunisaidia. Alitayarisha chupa 10 katika maabara, nyingine za mnazi mtupu wa nyakati mbalimbali za siku, na 4 zenye methanoli aliyoipima mwenyewe. Akazipa namba, akaficha orodha mfukoni, na chupa zote zikamwagwa kwa utaratibu wa maabara baada ya kazi. Mimi nilikaa na kifaa changu, nikaandika taa iliyowaka kwa kila chupa. Alipotoa orodha, nilitamani ardhi ipasuke. Kati ya zile 4 zenye sumu, 2 nilikuwa nimezipa taa ya kijani. Na chupa moja ya mnazi safi kabisa, wa jana yake, nilikuwa nimeipa nyekundu.

Ilinichukua jioni nzima kuelewa, na jibu lilikuwa rahisi mpaka la aibu. MQ-3 haiulizi "hii ni pombe gani?" Inauliza tu "mvuke unaoungua ni mwingi kiasi gani?" Sasa fikirieni mnazi ulivyo. Unaposhuka mtini asubuhi ni mtamu, pombe yake ni kidogo sana. Chachu hufanya kazi bila kupumzika, na kufikia jioni ethanoli imepanda, yaweza kufika asilimia 4 au 5. Kwa hiyo mnazi mtamu wa asubuhi uliotiwa methanoli kidogo hutoa mvuke mchache kuliko mnazi mkali wa jana usio na sumu yoyote. Kifaa changu kilikuwa kinapima umri wa mnazi! Nilikuwa nimetengeneza saa, nikaiita kipima-sumu.

Nikamweleza mjomba. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema jambo ambalo bado linanisumbua. "Sawa, si kamili. Lakini nusu mkate si bora kuliko njaa? Nipe hiyo niiweke mezani. Wateja wakiona taa ya kijani watakunywa kwa amani."

Hapo ndipo nilipoamua. Leo, bila kifaa, mteja wa mjomba hutumia tahadhari zake za kawaida. Anakunywa kwa mgema anayemjua, anakataa kinywaji cha mgeni, anamsikiliza mwenzake aliyeonja kwanza. Tahadhari hizo si sayansi, lakini zinafanya kazi fulani. Siku nitakayoweka taa ya kijani mezani, ataziacha zote na kuiamini taa. Nusu mkate anaouzungumzia mjomba unamwondolea mtu ugali aliokuwa nao. Na taa nyekundu nayo si mzaha. Mgema asiye na kosa akiwashiwa nyekundu mbele ya watu, nani atamtetea? Kesho yake ataitwa muuaji kijiji kizima, pengine na kufikishwa polisi, kwa kosa la kuuza mnazi wa jana.

Nasema haya kwa sababu naona vifaa kama changu vikisambaa. Kila mtu mwenye kihisi cha shilingi mia chache na simu yenye Bluetooth anaweza leo kutangaza "pua ya umeme". Wasiwasi wangu hauko kwenye vifaa vya bei ya chini. Uko kwenye taa ya kijani inayotolewa na kifaa ambacho hakijafanya mtihani.

Na mtihani wenyewe huku kwetu Pwani ni mgumu kuliko unavyoonekana kwenye video za watu wa nchi baridi. Cha kwanza ni unyevu. Mvuke wa maji nao hubadilisha ukinzani wa oksidi ya stani. Kihisi kilichosawazishwa wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu kidogo, husoma tofauti mvua za masika zinapofika na kusi ikaanza kuvuma. Cha pili ni chumvi. Nilipofungua kifaa changu baada ya miezi mitatu karibu na bahari, miguu ya kihisi ilikuwa na kutu ya kijani. Cha tatu ni umeme. Mangwe ya mjomba iko chini ya minazi, na soketi ya karibu ni mwendo wa dakika kadhaa. Kihita cha MQ-3 hula takriban wati 0.75 muda wote. Betri moja ya lithiamu ya saizi ya 18650, yenye kama wati-saa 9, inakauka kwa saa 12 hivi hata kabla hujahesabu chipu na skrini.

Mtaniambia: kiwashe tu wakati wa kupima. Nilijaribu ujanja huo. Tatizo ni kwamba mtengenezaji mwenyewe anataka kihisi kipashwe moto saa 24 au zaidi kabla ya kukiamini. Ukikiamsha kwa dakika mbili, namba zinatembea kama kaa wa ufukweni. Kwa hiyo nguvu ndogo ya umeme si urembo wa kuongezwa mwishoni. Ukibana umeme kwa haraka unabana ukweli pia. Kuna vihisi vya kizazi kipya ambavyo tabaka lake limekaa juu ya utando mdogo mno, na vinapasha moto kwa makumi tu ya miliwati. Huko ndiko njia ya kweli ya kuokoa betri ilipo, ingawa bei yake si ya mia chache tena.

Je, inawezekana kutofautisha methanoli na ethanoli kwa kifaa cha mkononi? Ndiyo, na imeshafanyika. Watafiti wa ETH Zurich, Uswisi, akiwemo Jan van den Broek na Andreas Güntner, walitoa kazi yao mwaka 2019 na 2020. Kihisi chao nacho ni cha oksidi ya stani, kilichotiwa paladi kidogo. Kitu walichoongeza, na ambacho mimi sikuwa nacho, ni mrija mdogo uliojazwa chembe za polima iitwayo Tenax, unaowekwa mbele ya kihisi. Mvuke unapovutwa kupitia mrija huo, ethanoli hung'ang'ania zile chembe na kuchelewa, methanoli hupita mbele. Kihisi hakihitaji kuwa na akili nyingi, kwa sababu mvuke unakifikia ukiwa umeshapangwa foleni. Walikijaribu kwa vinywaji 89 kutoka mabara sita, jibu la methanoli likapatikana kwa dakika 2 hivi, na wakalinganisha majibu na mashine kubwa ya maabara.

Mimi nilitaka kutatua tatizo kwa programu. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya data ili kufundisha modeli itenganishe namba zangu. Wao walilitatua kwa mrija. Habari isiyoingia kwenye kihisi haiwezi kutolewa na programu, hata uandike mistari elfu ngapi. Wenzangu wa kompyuta, hili tulishike.

Lakini msikimbilie kuagiza Tenax bado. Kuna pua nyingine ya kunusa mvuke ambayo ni yetu Afrika Mashariki, nayo ina somo kubwa zaidi. Huko Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya-buku kunusa mvuke wa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya hao wamefanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa huru kutokana na mabomu ya ardhini mwaka 2015. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Wengine hunusa makohozi ya wagonjwa kutafuta kifua kikuu. Kifaa cha kubebeka, kisichotumia umeme, kinachokula karanga na ndizi!

Watu husimulia habari za panya hawa kwa sababu ya pua zao. Mimi navutiwa na utaratibu unaowazunguka. Panya haendi kazini kwa kuwa mwalimu wake anampenda. Kwanza anafanya mtihani kwenye uwanja ambao mwongozaji wake hajui mabomu yamefukiwa wapi. Na kwenye kifua kikuu, panya akikuna juu ya sampuli, mgonjwa hapewi dawa papo hapo. Sampuli hurudishwa maabara ikathibitishwe. Pua kazi yake ni kusema "hapa angalieni tena". Uamuzi wa mwisho hutoka kwingine.

Huo ndio msimamo wangu, na naomba kila anayetengeneza kifaa cha kunusa sumu, iwe kwenye mnazi, gesi ya jikoni au dawa za shambani, aufikirie.

Kwanza, kifaa cha bei nafuu kisiwe na taa ya kijani kabisa. Kiwe na majibu mawili: "peleka maabara" na "sijui". Najua "sijui" haiuziki, lakini ndiyo kweli. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara Mombasa, kwa hiyo sampuli iliyotiliwa shaka ina pa kwenda.

Pili, kifanyiwe mtihani wa chupa zilizofichwa majina, kwa mnazi wetu wa asubuhi, wa mchana na wa jana, wakati wa kaskazi na tena wakati wa kusi. Matokeo yatangazwe pamoja na makosa yote. Chuo Kikuu cha Pwani kiko hapo Kilifi mjini, na kuna wanafunzi wa kemia wanaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho. Sisi wa programu tunaweza kuleta saketi, wao walete elimu tusiyokuwa nayo.

Tatu, kifaa kiwe na tarehe ya kusawazishwa, ionekane kwenye skrini, na tarehe ikipita kijifunge chenyewe. Mizani ya dukani hukaguliwa na kupigwa mhuri na watu wa vipimo, na hiyo inapima sukari tu. Kinachopima sumu kikaguliwe kidogo kuliko mizani ya sukari? Programu ya kukifunga kifaa ni mistari michache. Nadhani ndiyo mistari yenye manufaa zaidi niliyoandika mwaka huu.

Najua kuna msomaji atakayesema kwamba nikingoja ukamilifu, watu watakufa nikiwa nangoja. Nimelifikiria hilo usiku mwingi. Lakini kuna jambo moja linaloweza kuokoa maisha leo bila kihisi chochote: kusambaza elimu ya dalili. Mtu akinywa, kisha saa kadhaa baadaye au kesho yake akaanza kuona ukungu, tumbo likamsokota, kichwa kikamuuma kupita kawaida, asilale "kuitoa pombe". Akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo na waeleze alichokunywa. Dawa ya kuizuia sumu ipo, na hata damu inaweza kusafishwa kwa mashine, lakini kila saa inayopita inakula macho. Niliandika maneno hayo kwenye ubao, nikampelekea mjomba. Ameupigilia kwenye mnazi ulio karibu na benchi la wateja.

Alinuna kidogo, sitaficha. Alitaka taa, nikamletea ubao. Lakini wiki iliyopita alinipigia simu kuniambia kwamba mteja mmoja aliusoma wote, akamuuliza maswali, kisha akaagiza mboko wa pili. "Amesema mgema anayeweka maneno kama haya hawezi kuwa na la kuficha," mjomba akacheka.

Kifaa changu kiko mezani hapa, kimefunguliwa, kihisi kimetolewa ili kipishe mrija. Nikipata mtu wa kemia aliye tayari kuficha orodha mfukoni tena, nitarudi na chupa nyingine 10, na hapa hapa mtasoma ni ngapi nimekosea. Kama ni wewe, nasubiri maoni yako.